Anayemfundisha Tabibu Mgeni

Daktari wa kigeni anayekwenda kufanya kazi Tanzania hupitia kwanza milango ya mjini: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa usajili, kisha kibali cha kazi, kisha Uhamiaji kwa kibali cha ukaazi. Huchosha, lakini kuna siku makaratasi hayo huisha. Kuzoea kwenyewe huanza anaposhuka kwenye bodaboda mbele ya zahanati yenye vyumba vichache, umeme wa jua na foleni ya akina mama waliofika tangu alfajiri.

Hapo hukuta kwamba elimu yake haitoshi hata kutoa kidonge. Tuchukue dawa ya mseto ya malaria, ambayo Tanzania iliipitisha mwaka 2006 kuchukua nafasi ya SP, dawa iliyotumika kabla yake. Mtu mzima humeza vidonge vinne kila mara, mara sita kwa siku tatu, na dozi ya pili huja masaa manane baada ya ya kwanza. Aliyeanza saa nne asubuhi anatakiwa ameze tena saa kumi na mbili jioni. Mgeni ambaye saa yake huanza kuhesabu usiku wa manane atamwambia "saa sita" akikusudia jioni hiyo. Mgonjwa anaitikia, anarudi nyumbani, na adhuhuri anameza dozi ya pili, masaa mawili tu baada ya ya kwanza. Muuguzi aliyeketi pembeni ndiye huziba pengo hilo. Huchukua pakiti, akachora jua linalochomoza na jua linalozama, akamkumbusha mgonjwa ale chakula chenye mafuta au anywe maziwa ili dawa iingie vizuri mwilini, kisha akamtaka arudie maelekezo yote kwa kinywa chake.

Kwenye maradhi yenyewe ugumu huzidi. Mtoto wa miaka miwili analetwa mbio, macho yamegeuka, mikono imekakamaa, mwili unachemka. Daktari mgeni anawaza malaria kali na mkono wake unakwenda kwenye sindano. Mama anamvuta mtoto kifuani. Kwake hili ni degedege, na Pwani wako wengi waliokua wakijua kuwa degedege si la hospitali. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 walikuta wazazi wakilihusisha na pepo, hawakuliunganisha na malaria, na waliogopa kwamba mtoto akichomwa sindano katika hali hiyo atakufa. Asiyelijua hilo humwona mama mkaidi, akaanza kupaza sauti.

Muuguzi mwenyeji hupita njia nyingine. Huku mikono yake ikimlaza mtoto ubavu na kumlegezea nguo, anauliza homa ilianza lini na nyumbani wametumia nini, bila kumsuta bibi aliyemfukiza mtoto. Anaeleza kuwa ipo dawa ya kutuliza degedege inayopitishwa njia ya haja kubwa, bila sindano. Mtoto akitulia, kipimo cha haraka cha malaria hutaka tone moja la damu na dakika zisizozidi 20, na hapo mama anaweza kusikiliza habari za sindano ya artesunate na rufaa. Huo ni utaalamu kamili, tena ndio unaoamua kama dawa iliyoko kabatini itamfikia mtoto.

Kujifunza Kiswahili husaidia sana, ila hakumalizi kazi. Haydom, wilayani Mbulu, ambako Walutheri wa Norwei walifungua hospitali mwaka 1955, mgonjwa mzee anaweza kuwa anasema Kiiraqw au Kidatoga tu, na hata daktari Mtanzania aliyetoka Dar es Salaam humhitaji mkalimani. Mengine hujifunzwa nje ya kazi. Tabibu anayekwenda msibani, akakaa mkekani na wenzake na kutoa rambirambi, huanza kuletewa wagonjwa mapema, kabla hali haijawa mbaya.

Pengo hili halipo Tanzania tu. Mwaka 2018 Kenya ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba na kuwasambaza kaunti mbalimbali. Mwaka 2023 serikali ikatangaza kuwa mkataba hautaendelezwa. Chama cha madaktari kilihoji tangu mwanzo kwa nini waletwe wageni ilhali madaktari wazalendo hawana ajira, na hoja hiyo ni ya haki. Kuna swali jingine linalostahili uzito uleule: nani alikuwa akisimama kati ya daktari anayesema Kihispania na bibi anayesema Kiturkana, na kazi yake ilihesabiwa wapi?

Kwenye zahanati za Tanzania mtu huyo kwa kawaida ni muuguzi ambaye tayari ana kliniki ya wajawazito, chanjo za watoto na vitabu vya takwimu za afya (MTUHA) vya kujaza. Mgeni anapokuja, hasa mwanafunzi wa udaktari kutoka Ulaya anayekaa wiki sita tu, asiachiwe chumba cha tabibu peke yake. Apangwe chini ya muuguzi huyo kwa ratiba iliyoandikwa, na shirika lililomleta mgeni limlipe muuguzi posho ya ualimu.