Tone la Maji Hugandishwa na Mwanga

Ufukweni mwa Ziwa Kivu, huko Nkanka wilayani Rusizi, maji hayatulii: kasia hurusha matone, wimbi hupasukia mwambani. Wapiga picha wengi hudhani kuwa kamera ya bei kubwa ndiyo itakayoyagandisha matone hayo. Hoja yangu ni kwamba kinachogandisha ni ufupi wa mwanga. Tone linalokwenda mita 3 kwa sekunde husogea milimita 3 katika sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na pichani huonekana kama mchirizi tu. Flashi iliyopunguzwa nguvu huweza kuwaka kwa takriban sehemu 1 ya 20,000 ya sekunde. Hapo tone husogea milimita 0.15 tu, na kingo zake hubaki wazi. Ndivyo Harold Edgerton wa Marekani alivyolinasa taji la tone la maziwa mwaka 1957.

Wapo watakaosema jua la mchana na shata ya kasi vinatosha. Kwa wimbi lililo mbali, ni kweli. Lakini kwa matone ya karibu, au jioni wavuvi wa samaki aina ya sambaza wanapoingia ziwani, jua halisaidii. Wengine watasema flashi dhaifu hutoa picha yenye giza. Dawa ni kuisogeza karibu na maji, kuiweka kando au nyuma ya matone ili yang'ae, na kupigia kivulini ili mwanga mwingine usiharibu kazi. Basi, kabla ya kukopa fedha za kamera mpya, jifunze kuutawala mwanga.