Maji kwenye oili: lipa kupima kabla hujalipa kufungua injini

Kifuniko cha oili kinafunguliwa, chini yake kuna utando mweupe mzito, na hukumu inatoka papo hapo: gasketi imeungua, hedi ishuke. Mara nyingi hukumu hiyo huwa kweli. Ila kwenye gari lililokula miaka 20 au zaidi, maji yana njia kadhaa za kufika kwenye oili, na bei ya kuziba kila njia ni tofauti mno. Anayeruka hatua ya kupima hulipia kushusha hedi, kisha hulipa tena kutengeneza kile kilichokuwa kibovu tangu mwanzo.

Kabla ya yote, gari lisiwashwe. Oili iliyochanganyika na maji haina tena utelezi wa kulinda beringi za krankshafti, na beringi zikishakwaruzika, kazi ya gasketi inageuka ovahoo nzima. Gari livutwe hadi gereji hata kama ni mtaa wa pili.

Vipimo visivyo na gharama

Utando wa kwenye kifuniko pekee hautoshi kuwa ushahidi. Gari la safari fupi, hasa kwenye baridi ya Mbeya au Limuru, hukusanya unyevu pale juu bila ugonjwa wowote. Vuta kijiti. Ikiwa oili yake ni safi, kiwango hakijapanda na maji ya rejeta hayapungui, huenda ni unyevu tu. Ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa na kiwango kimepanda, tatizo lipo.

Gari likishalala usiku kucha, legeza nati ya sampu polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwa mengi na hayajachanganyika kabisa, yatatangulia kutoka. Jaribio jingine ni kudondosha tone la oili hiyo kwenye bati la moto: yenye maji hupasuka-pasuka kwa sauti.

Kisha, injini ikiwa ya baridi, chungulia ndani ya rejeta. Injini inapofanya kazi, presha ya oili huizidi ya maji kwa mbali, kwa hiyo tundu kwenye kipoza oili husukuma oili kwenye maji. Ikizimwa, presha ya oili inashuka hadi sifuri huku maji ya moto yakiwa bado na presha, na sasa maji ndiyo yanayopenya upande wa oili. Ukikuta oili nyingi kwenye rejeta ya gari la dizeli lenye kipoza oili, hicho kipimwe kwanza.

Vipimo vya kulipia

Chenye thamani kuliko vyote ni pampu ya presha. Hufungwa mahali pa kifuniko cha rejeta na kupampiwa hadi namba iliyoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, ambayo kwa magari mengi ya Kijapani ni 0.9 au 1.1. Mshale ukishuka na nje hakuna tone, maji yanaingia ndani. Sampu ikifunguliwa, fundi anaona kwa macho yanakodondokea: chini ya silinda ipi, au mbele upande wa taimingi.

Dawa ya bluu hupima kama moshi wa silinda unaingia kwenye rejeta. Kwa injini ya petroli, ikigeuka njano, gasketi au hedi ina kasoro. Isipogeuka, usishangilie: gasketi inaweza kuvuja kati ya njia ya maji na njia ya oili bila kugusa silinda.

Maabara nazo hutafuta glaikoli, kemikali iliyomo kwenye kulanti. Kama rejeta yako hujazwa maji ya bomba, ripoti isiyo na glaikoli haithibitishi chochote. Omba wapime maji yenyewe.

Hilux za injini ya 22R zinaonyesha kwa nini haya yote yana maana. Katika matoleo ya kuanzia katikati ya miaka ya 1980, vizuizi vya plastiki vya taimingi cheni huvunjika, cheni inalegea na kusaga kava la mbele hadi kutoboa njia ya maji. Maji yanaingia kwenye oili huku gasketi ya hedi ikiwa nzima. Mwenye gari akikimbilia gasketi, anarudi gereji na ugonjwa uleule.

Hesabu ya kuamua

Namba zifuatazo ni za mfano tu. Badala yake weka bei za mjini kwako. Tuseme gari likiwa zima linauzika shilingi 9,000,000 za Tanzania, na kama lilivyo sasa 4,500,000. Basi 4,500,000 ndiyo dari: tengenezo likizidi hapo, afadhali kuliuza bovu na kumweleza mnunuzi ukweli.

- Vipimo: 60,000.
- Gasketi: seti 250,000, mchongaji 100,000, ufundi 350,000, oili mara mbili na filta 200,000, kulanti na thamostati 100,000. Jumla 1,000,000.
- Hedi ikiwa na ufa: ongeza 900,000 za hedi nyingine. Jumla 1,900,000.
- Injini ya mtumba: 2,500,000, ufundi 500,000, oili na mengineyo 200,000. Jumla 3,200,000, na bado hujabadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari.

Kwenye gasketi, pasipofaa kubana matumizi ni kwa mchongaji. Hedi ipimwe unyoofu kwa rula ya chuma ukiwepo, na ipimwe ufa kabla ya kukwanguliwa. Oili ya kwanza ni ya kusafishia. Imwagwe mapema, maana mabaki ya maji hubaki kwenye vijia. Injini ya mtumba ina faida pale tu beringi zako zimeshaumia, na iwe na dhamana ya maandishi.

Dawa ya kuziba inayomiminwa kwenye rejeta ni rahisi, lakini haitoi maji yaliyokwisha kuingia kwenye oili, na inaweza kuziba vijia vya rejeta. Siishauri.

Kama fedha ya kazi yote haijatimia, usikubali hedi ishushwe nusu njia, kwa sababu silinda zilizo wazi huota kutu. Mwaga oili chafu, toa maji yote ya rejeta, weka oili ya bei nafuu, izungushe injini kidogo kwa stata bila kuiwasha, kisha funga gari na uendelee kudunduliza.