Nipe Kama Hii

Pikipiki ikikukatikia cheni Mkata, kwenye barabara ya Chalinze–Segera, huna haja ya kujua jina la kipuri. Unachomoa kilichokufa, unakiweka juu ya kaunta ya duka la vipuri, unasema: "Nipe kama hii." Muuzaji anakigeuzageuza, anakipima kwa jicho, anaingia ndani. Kama hana chenyewe, ana kinachokaribiana nacho, na fundi atakisawazisha kwa tupa. Jioni uko njiani kuelekea Korogwe.

Propela ya ndege ndogo hainunuliwi hivyo. Mtaani wengine huiita pangaboi, sawa na feni ya darini, na jina hilo linapotosha kidogo. Feni inasukuma hewa ili wewe upoe. Propela inapenya hewani kama parafujo kwenye ubao, na kuivuta ndege nzima nyuma yake. Chukua Cessna 172 ya zamani yenye injini ya Lycoming ya nguvu farasi 150. Moja ya propela zinazoonekana kwenye ndege hizo ni ya McCauley, na kwenye kitovu chake imegongwa herufi na tarakimu zinazoishia 7553. Hiyo 75 ni kipenyo kwa inchi, kama mita 1.9. Na 53 ni hatua: hewa ingekuwa ngumu kama mbao, kila mzunguko ungeisogeza ndege mbele inchi 53, karibu mita 1.35.

Sasa laza kando yake propela nyingine ya kipenyo hicho hicho, ila hatua yake imezidi kwa inchi 4. Kwa macho ni mapacha. Muuzaji wetu wa Mkata angekupa yoyote kati ya hizo bila kusita. Ile ya hatua ndefu ni nzuri kwa safari ndefu, lakini ipeleke kwenye kiwanja kifupi cha changarawe saa nane mchana, joto limeifanya hewa kuwa nyepesi, uone. Injini inaizungusha kwa taabu, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli yenye gia kubwa, na miti ya mwisho wa kiwanja inakusogelea magurudumu yakiwa bado chini. Ya hatua fupi mno ina ubaya wake pia: ikishakuwa angani, injini inakimbia kupita kiasi.

Ndiyo maana nyaraka za kila aina ya ndege hutaja propela zinazokubalika kwa injini yake, na kipenyo cha chini kabisa na cha juu kabisa. Unaponunua, unaanza na nyaraka hizo kabla hujauliza bei.

Kinachowapeleka watu sokoni, katika viwanja vyetu, ni kokoto zaidi ya uzee. Injini ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha ya panga la propela ya inchi 75 inakimbia karibu kilomita 970 kwa saa. Nguvu inayolivuta panga litoke kwenye kitovu inafika tani 10 na zaidi. Kokoto ikichonga kijino kidogo, mvuto huo wote unakusanyika hapo, na kijino huweza kuzaa ufa. Fundi hukilainisha kwa tupa, na kila akipitisha tupa panga linapungua. Likifika chini ya upana ulioandikwa na kiwanda, halina tena maisha isipokuwa ukutani sebuleni.

Za mitumba zipo. Anayenunua mtumba ananunua karatasi: fomu ya 8130-3 ya Marekani, au Fomu 1 ya EASA ya Ulaya, yenye namba ile ile iliyogongwa kwenye kitovu, pamoja na kitabu cha saa ilizoruka. Propela inayong'aa isiyo na karatasi ni alumini ya kuuza kwa kilo. Na kama ile ya zamani iligonga ardhi, propela mpya ndiyo gharama ndogo. Lycoming wanataka injini ifunguliwe na krenki ikaguliwe, hata kama ilikuwa ikizunguka polepole.

Nakiri kwamba hata kwa ndege, "nipe kama hii" imewahi kufanya kazi katika pwani yetu. Mwaka 1914 Waingereza walimkodi rubani Dennis Cutler kutoka Durban, pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini, aitafute manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Rejeta ikavuja. Ikaletwa rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa, na ndege ikaruka. Lakini rejeta ikikosea, utaona mvuke kwanza; propela haina mvuke.

Propela huja ndani ya sanduku refu kuliko mtu. Sanduku likiwa na kona iliyopondeka, usisaini kabla hujalifungua. Kisha fundi mwenye leseni anaifunga, boliti kwa boliti, kwa spana inayopima nguvu, na kuandika kitabuni. Ndege inashikwa breki, injini inapewa mafuta hadi mwisho, na wote wanatazama mshale wa mizunguko: una nafasi yake ya kukaa, haitakiwi upungue wala uzidi. Lakini kabla ya hapo, mtu achukue ufagio. Propela mpya inavuta kokoto zilizo chini ya pua kama ile ya zamani.