Kabla hujaweka rivasi, mtoto yuko wapi?

ILIKUWA Jumamosi ya msimu wa korosho, nyumbani kwetu Masasi. Noah ilikuwa imeshapakiwa tayari kwa safari ya kwenda kumjulia hali bibi kule Newala: mchele, sabuni, na madumu manne ya maji, kwa kuwa mwenye ndugu juu ya uwanda wa Makonde anajua kwamba maji nayo ni zawadi.

Mume wangu aliingia garini, akawasha, akaangalia kioo cha kulia, cha kushoto na cha ndani. Nyuma palikuwa peupe. Akaweka rivasi.

Wifi yangu aliyekuwa barazani aliinuka na kupiga ukelele mmoja tu: "Simama!"

Mtoto wetu wa mwisho, mwenye miaka miwili na miezi minne, alikuwa amechuchumaa nyuma ya bampa akiokota bibo. Kati yake na gari hapakuwa hata na hatua moja.

Hakuumia. Lakini siku ile hatukwenda Newala. Mume wangu alikaa muda mrefu mikono ikiwa kwenye usukani, na aliposhuka alisema jambo ambalo sote tulikuwa tunalijua: "Gari hili lina kamera nyuma. Tangu tulinunue haijawahi kuonyesha kitu."

Mzazi mwenzangu, huenda hata gari lako liko hivyo hivyo.

Vioo havitoshi

Ukitaka kujua ukubwa wa tatizo, zima gari, chukua funguo, kisha msimamishe mtoto wako wa miaka miwili nyuma ya gari huku mtu mzima amemshika mkono. Wewe kaa kwenye kiti cha dereva. Katika Noah, Alphard au Hiace, kichwa chake kitakuwa chini ya kioo cha mlango wa nyuma. Hutamwona kwa kugeuka wala kwa kioo cha ndani, na akikaa katikati, hata vioo vya pembeni havimfikii.

Jambo hili halichagui mzazi mzembe. Mwaka 2002 nchini Marekani, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen alifariki baada ya kugongwa na gari lililokuwa likirudi nyuma nyumbani kwao. Dereva alikuwa baba yake mzazi, daktari wa watoto. Sheria yenye jina la mtoto huyo ilisainiwa mwaka 2008, na kuanzia Mei 2018 magari madogo yote mapya yanayouzwa nchini humo lazima yawe na kamera ya nyuma.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilikadiria kuwa ajali za gari kurudi nyuma ziliua watu wapatao 210 kwa mwaka. Karibu theluthi moja yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano, na zaidi ya robo walikuwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Yaani wanaogongwa zaidi ni wale tunaowaacha nyumbani: mjukuu na bibi yake.

Japani, yanakotoka magari yetu mengi, ilianza kudai kifaa cha kuonyesha nyuma kwa modeli mpya Mei 2022. Magari mengi tunayonunua yalitengenezwa miaka mingi kabla ya hapo. Kwa hiyo kamera ikiwepo ni bahati, na isipokuwepo ni jukumu la mwenye gari.

Anza kwa kuangalia ulichonacho

Kabla ya kutoa fedha, nenda nyuma ya gari uangalie juu ya kibao cha namba, karibu na mpini wa mlango. Ukiona kijicho cheusi cha kioo, kinacholingana na kitufe cha shati, hiyo ni kamera.

Angalia pia kama juu ya mlango wa nyuma kuna kile kioo kidogo kinachotazama chini. Noah na Hiace nyingi huja nacho, na wengi wetu tumekiacha kikiwa kimepinda au kimevunjika tukidhani ni pambo. Kazi yake ni kumwonyesha dereva bampa. Kukirekebisha ni kazi ya dakika chache, na kinasaidia hata siku ambayo umeme wa gari una hitilafu.

Kama kamera ipo lakini haionyeshi, mara nyingi mkosaji ni skrini ya dashibodi. Skrini nyingi za Kijapani hujifunga betri ikitolewa, kisha hudai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo mwenye gari hana. Inabaki na maandishi ya Kijapani, na redio yake imetengenezwa kwa masafa ya Japani yanayoanzia 76, wakati stesheni zetu za FM ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana watu huing'oa na kuweka redio ya skrini mpya, na hapo ndipo waya wa kamera hukatwa na kusahauliwa ndani ya dashibodi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi umeme wa magari si bei ya kamera. Muulize kama kamera iliyopo inaweza kuunganishwa na skrini mpya. Jambo moja la kumkumbusha: kamera nyingi zilizokuja na Toyota kutoka kiwandani hutumia volti 6, si 12. Akiiunganisha moja kwa moja kwenye waya wa taa ya rivasi, inaungua. Kuna kifaa kidogo cha kupunguza volti, na fundi anayeijua kazi yake atakitaja kabla hujamuuliza.

Ukinunua mpya

Kama huna kamera kabisa, si lazima ubadilishe dashibodi nzima. Kuna skrini ndogo za kubandika juu ya dashibodi, na kuna vioo vya ndani vyenye skrini inayowaka ukiweka rivasi. Redio kubwa ya skrini ni nzuri, lakini kinachomlinda mtoto ni kamera.

Zingatia mambo haya:

Volti. Gari dogo hutumia 12. Coaster nyingi na malori kama Fuso hutumia 24. Tafuta kifaa kilichoandikwa 12–24 kama una shaka.

Maji na vumbi. Tafuta alama ya IP67 au zaidi. Tarakimu ya 6 maana yake vumbi halipenyi, na 7 maana yake kamera inastahimili kuzamishwa katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa.

Waya. Kamera isiyo na waya hufungwa haraka, lakini picha yake inaweza kukatika au kuchelewa. Waya uliopitishwa vizuri chini ya zulia ni wa kuaminika zaidi. Mlango wa nyuma unapofunguka kwenda juu, waya hukunjwa kila unapopakia mizigo, na hapo ndipo hukatika. Picha ikianza kucheza ukifunga mlango, mwambie fundi aanzie hapo.

Kasi ya kuwaka. Hili wengi hawalipimi. Kanuni ya Marekani inataka picha itokee ndani ya sekunde mbili baada ya kuweka rivasi. Baadhi ya redio za skrini huchukua muda mrefu kuamka asubuhi, na dereva mwenye haraka huanza kurudi huku skrini ingali nyeusi. Usilipe kabla ya kulijaribu gari likiwa limezimwa kwa muda: washa, weka rivasi, hesabu.

Waya wa breki ya mkono. Huu huzuia filamu zisionekane mbele ya dereva gari likitembea. Mafundi wengi huuruka ili mteja afurahi. Mwambie auunganishe inavyotakiwa. Katuni ni za watoto wa siti ya nyuma, si za mtu anayekata kona za mlima wa kupanda Newala.

Jaribio la ndoo

Fundi akimaliza, usitazame ubora wa rangi. Chukua ndoo ya lita 20, ambayo kimo chake kinakaribia cha mtoto mdogo aliyechuchumaa, na uiweke katikati ya bampa. Kaa kwa dereva. Unaiona? Isogeze kona ya kulia, kisha ya kushoto. Kama inapotea, kamera imeelekezwa vibaya. Ielekezwe chini kidogo, hadi ukingo wa bampa uonekane.

Kisha chora mistari kwa chaki au majivu kwenye mita 1, 2 na 3, na uweke ndoo kwenye kila mstari. Kioo cha kamera ni cha duara na huonyesha vitu vikiwa mbali kuliko vilivyo. Utashangaa ndoo ya mita moja inavyoonekana ndogo. Dereva wote wa gari hilo, pamoja na yule kijana wenu mnayemtuma sokoni, wafanye zoezi hili.

Hakikisha pia picha imegeuzwa: kitu kilicho kulia kwako kionekane upande wa kulia wa skrini. Isipokuwa hivyo, siku ya hofu utakata usukani kuelekea kwa mtoto.

Mwisho, futa kioo. Barabara za vumbi huku kwetu huziba kamera kwa safari moja, na wakati wa mvua tope hufanya hivyo kwa dakika chache. Kitambaa chenye unyevu kikae mlangoni. Tone la maji la kufuta kamera halitaimaliza ndoo, hata Newala.

Si gari lako peke yake

Mtoto wako hapandi gari lako tu. Hiace au Coaster ya shule hugeuza kwenye uwanja uliojaa wanafunzi. Kwenye kikao cha wazazi uliza: kuna kamera? Nani anashuka kuangalia nyuma kabla basi halijarudi?

Msimu wa korosho, malori hurudi rivasi kuelekea maghala ya vyama vya msingi huku watoto wakizunguka kuokota zilizodondoka. Kwenye sherehe za kuwatoa wali, magari hujaa uani, ngoma zinalia, na honi haisikiki. Siku hizo mtu mzima mmoja apewe kazi moja tu, ya kuwashika watoto wadogo gari linapowashwa.

Maana kamera ina kikomo. Haimwoni mtoto aliye chini ya gari, wala anayekimbia kutoka pembeni. Haishuki garini kumshika mtu mkono.

Sisi tulifunga kamera ndani ya wiki ile, lakini tuliongeza na kanuni. Gari haliwashwi mpaka mtu ataje kwa sauti kila mtoto yuko wapi. Dereva huzunguka gari kabla ya kupanda. Na tunaegesha kwa kuingia kinyumenyume tukirudi, wakati kuna mtu wa kutuelekeza, ili asubuhi tutoke kwa mbele.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Newala. Kabla ya kuondoka mume wangu alizunguka gari, akafuta kamera, akauliza: "Mdogo yuko wapi?"

"Nimembeba," wifi akajibu kutoka barazani.

Ndipo akawasha.