Chombo Kilichozaliwa kwa Ajili ya Theluji (Sehemu ya Nne)

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imekwisha kutoa mwelekeo wa kipupwe na, kama ilivyo ada, simu zimeanza kuingia kutoka Makete, Njombe na Mufindi. Pikipiki ya magurudumu manne iliyokuwa ikiwaka kwa mguso mmoja mwezi wa Machi, sasa inagoma mpaka jua lipande. Fundi wa jirani amekwisha kuhukumu: "Hizi si mashine za baridi." Hukumu hiyo imenikera kiasi cha kuahirisha somo la gia nililoahidi, maana sijui chombo cha moto kilichosingiziwa kama hiki.

Mwaka 1967 wauzaji wa Honda nchini Marekani walikuwa na tatizo la mfukoni: theluji ikianguka, wanunuzi wa pikipiki hupotea. Wakaiomba kampuni iwape kitu cha kuuza majira ya baridi. Kazi alipewa mhandisi Osamu Takeuchi, akajaribu magurudumu mawili, matatu, manne, matano, hata sita, akaona ni matatu yanayoiwezesha injini ndogo kupasua theluji na tope. Kilichomsumbua ni matairi, kwa kuwa yale madogo ya awali hayakufaa ardhi laini. Ufumbuzi ulitoka kwa Amphicat, gari dogo la magurudumu sita liendalo nchi kavu na majini, lenye matairi manene yaliyotiwa upepo kidogo mno. Mwaka 1970 ikatoka US90, baadaye ikaitwa ATC90, injini ya cc 89. Kwa hiyo babu wa mashine inayolaumiwa Makete alizaliwa kwa sababu ya baridi yenyewe.

Kilichofuata kinahuzunisha, nami sichoki kukisimulia. Watu waliona kichezeo. Wakawapandisha watoto wasiofikia breki, wakapakizana wawili kwenye kiti cha mmoja, wakakata kona kwa kasi, na magurudumu matatu hayasamehe kona. Suzuki wakaleta ya manne, QuadRunner LT125, toleo la 1983. Mwaka 1988 watengenezaji wakakubaliana na serikali ya Marekani kuacha kuuza kule zile za matatu. Hata ya manne hupinduka, lakini nenda kwenye fukwe zetu uone vijana wakiziendesha bila kofia ngumu huku mzazi akipiga picha. Anayempa mtoto wa miaka kumi chombo cha mtu mzima, kwa maoni yangu, hastahili kusaidiwa kukiwasha.

Wengine tuanze na stata. Kabla stata ya umeme ya Charles Kettering haijaingia kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912, bwana huyo alikuwa ametia mota kwenye mashine za kupokelea fedha dukani, katika kampuni ya National Cash Register. Huko alijifunza kwamba mota ndogo yaweza kubebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake, mradi iwe kwa sekunde chache tu. Stata za leo bado zinaitegemea siri hiyo. Mwenye kubonyeza swichi nusu dakika bila kuachia anaichoma mota, anaimaliza betri, kisha anamtukana Mjapani. Bonyeza sekunde tano, achia, ngoja kidogo, rudia.

Baridi hushika pande mbili kwa pamoja. Karibu na nyuzi 0 betri hupoteza takriban theluthi moja ya nguvu zake, na saa hiyohiyo oili nzito huikaza injini. Betri iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, usitafute mchawi. Ukisikia tik-tik bila injini kuzunguka, angalia betri na nyaya zake, hasa waya wa ethi ulioshika kutu. Kutia oili ya SAE 40 kwa asubuhi za Kitulo, zenye sakitu kwenye nyasi, ni ukaidi. Tia 10W-40, kama kitabu cha chombo kinaikubali. Kitabu hicho kipo, kimefungwa kwenye nailoni yake tangu siku ya kununua.

Injini ikizunguka vizuri bila kushika, mtuhumiwa ni petroli iliyolala. Sehemu zake nyepesi, ambazo ndizo hushika moto kwenye ubaridi, hutangulia kupotea hewani chombo kikiegeshwa miezi, na mabaki huacha gundi kwenye jeti ndogo. Mwaga ya kwenye bakuli la kabureta kwa skrubu ya chini, na ya tangi pia, tia mpya. Kisha vuta choki yote na usiguse resi. Choki ya nyingi za mashine hizi hufungua njia ya pembeni ya mafuta, nayo hutegemea mvuto wa injini. Ukifungua resi, mvuto huo hupotea. Plagi ikitoka nyeusi na imelowa, isafishe na uikaushe.

Yote hayo yakiwa sawa na bado inawaka mchana tu, pima tapeti. Vali hujichimbia kwenye kiti chake kadiri inavyotumika, mwanya hupungua, mgandamizo huvuja. Mwanya huo hupimwa injini ikiwa imepoa kabisa, kwa hiyo mwite fundi alfajiri, saa ileile inapogoma.