Shahada ya Menejimenti ya Maafa: Msomi Huyu Atatufaa Nini?

Mvua za masika zinapozidi kiasi, kamati za parokia hujua kazi iliyo mbele yao: kukusanya mahindi, maharage, nguo na fedha kwa ajili ya waliobomokewa nyumba. Kazi hiyo imezoeleka na watu huitikia kwa moyo. Siku hizi, hata hivyo, linaweza kufika mezani ombi la aina nyingine. Kijana wa parokia amepata nafasi chuo kikuu kusomea menejimenti ya maafa, naye anaomba asaidiwe ada. Wajumbe hutazamana. Mwalimu tunamjua, daktari tunamjua, fundi tunamjua. Huyu wa maafa atakuja kufanya nini? Mfadhili naye ana haki ya kuuliza: je, fedha hizi zisingefaa zaidi kununulia mablanketi?

Makala hii inaeleza masomo hayo ni yapi, yanapatikana wapi, na kamati ijiulize nini kabla ya kutoa jibu.

Masomo haya yalianzia wapi?

Tarehe 6 Desemba 1917 meli mbili ziligongana katika bandari ya Halifax, nchini Kanada. Mojawapo, Mont-Blanc, ilikuwa imesheheni milipuko ya vita. Ilishika moto, ikalipuka, na watu wapatao 2,000 wakapoteza maisha. Katika mji huo alikuwapo kasisi wa Kianglikana aliyeitwa Samuel Henry Prince. Badala ya kuliacha tukio lile libaki simulizi ya huzuni tu, alilifanyia utafiti katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Kitabu chake cha mwaka 1920 kinahesabiwa miongoni mwa kazi za kwanza za kitaalamu kuhusu namna jamii inavyopatwa na janga na namna inavyoinuka tena.

Baadaye, mwaka 1963, Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani kilianzisha kituo cha utafiti wa maafa. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha North Texas kikaanza kutoa shahada ya kwanza ya fani hii nchini humo.

Watafiti hawa waligundua jambo linalozihusu moja kwa moja kamati zetu. Watu wengi wakipatwa na janga hawakimbii ovyo na kukanyagana kama inavyooneshwa kwenye sinema. Huanza kuokoana. Waokoaji wa kwanza karibu kila mahali ni majirani, kwa sababu wao ndio waliopo. Tuliliona hilo mjini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoangukia Ziwa Victoria. Watu 19 walifariki na 24 wakaokoka, na miongoni mwa waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Darasani hufundishwa nini?

Somo la kwanza ni kutofautisha hatari na maafa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Mkoa wa Kagera. Zaidi ya watu 15 walifariki na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupata nyufa. Tetemeko lenyewe ni hatari ya asili ambayo hakuna awezaye kuizuia. Lakini mtu akiwa shambani tetemeko la namna hiyo humtikisa tu. Linaloua ni ukuta unaomwangukia. Kwa hiyo mwanafunzi hafundishwi kuuliza tu, "Nini kimetokea?" Hufundishwa kuuliza, "Kwa nini nyumba hii imeanguka na ile ya jirani imesimama?"

Kutoka hapo masomo hufuata hatua za kazi yenyewe: kuzuia na kupunguza madhara, kujiandaa, kukabiliana na janga, na kurejesha hali. Mifano ya yale yanayosomwa ni hii:

Ramani. Mwanafunzi hujifunza kuonesha kwenye ramani mahali maji yanapopita, watu wanapoishi, shule na zahanati zilipo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh, mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 walifariki. Ramani haizuii mlima kuporomoka, lakini inaweza kuonesha mapema ni nyumba zipi ziko kwenye njia ya tope.

Tahadhari za mapema. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa kwa ngazi: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, zikiwa na rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Kazi ya mtaalamu ni kuhakikisha taarifa hiyo inamfikia mama aliye bondeni kwa lugha anayoielewa, na kwamba anajua aende wapi.

Mahesabu ya makazi ya dharura. Tangu mwaka 1997 mashirika ya misaada ya kibinadamu yamekuwa na viwango vya pamoja viitwavyo Sphere. Kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku na meta za mraba 3.5 za kulala. Tundu la choo lihudumie watu wasiozidi 50 siku za mwanzo, kisha lisizidi watu 20. Tuvijaribu viwango hivyo kwenye ukumbi wa parokia wenye urefu wa meta 20 na upana wa meta 10. Watu wanaotosha kulala humo ni 57. Watahitaji lita 855 za maji kila siku, yaani zaidi ya mapipa 4 ya lita 200, na hatimaye matundu 3 ya choo. Ukumbi huohuo ukijazwa watu 200 bila hesabu, kuhara na kipindupindu vinaweza kuingia na kudhuru wale ambao mafuriko yaliwaacha.

Uongozi wa tukio. Baada ya moto mkubwa wa misitu uliotokea California mwaka 1970, ilionekana kuwa vikosi vilikuwa vingi lakini kila kimoja kilikuwa na amri yake na lugha yake. Ndipo ukabuniwa mfumo wa kuwa na kiongozi mmoja wa tukio, na kila mtu kujua anaripoti kwa nani. Wanafunzi husoma mfumo huo na kuufanyia mazoezi.

Aidha, wanasoma sheria. Tanzania ina Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022, inayoweka kamati za maafa kuanzia ngazi ya taifa hadi kijiji na mtaa. Msomi anayeijua sheria hiyo atajua pia mlango wa kubisha.

Je, maandalizi huokoa watu kweli?

Mfano unaosomwa sana ni wa Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu wasiopungua 300,000 katika pwani ya nchi hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa sehemu ya Pakistan. Mwaka 1972 ulianzishwa mpango wa kujiandaa na vimbunga. Watu wa kujitolea walifundishwa vijijini kupita nyumba kwa nyumba wakitoa tahadhari, na majengo imara ya kukimbilia yakajengwa. Mei 2020 kimbunga Amphan kilipokaribia, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa mapema, na waliofariki nchini humo walihesabiwa kwa makumi. Vimbunga havilingani kwa nguvu, lakini tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa upepo peke yake.

Mfadhili azingatie jambo moja hapo. Mafanikio hayo yalitokana na wataalamu waliosoma pamoja na maelfu ya wanavijiji waliofundishwa. Kila upande ulimhitaji mwenzake.

Vyuo viko wapi?

Si lazima kijana aende Ulaya. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina kituo cha mafunzo ya menejimenti ya maafa na hutoa shahada ya uzamili katika fani hii. Anayeomba huko lazima awe na shahada ya kwanza, kwa mfano ya mipango miji, uhandisi, afya au maendeleo ya jamii. Nchini Kenya, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, Kakamega, kina skuli nzima ya menejimenti ya maafa na misaada ya kibinadamu, na mtu anaweza kuanza na shahada ya kwanza. Shahada ya kwanza Kenya kwa kawaida huchukua miaka 4. Kabla ya kulipa chochote, kamati ihakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania kwamba chuo na kozi vinatambuliwa.

Kamati ijiulize nini?

1. Mwombaji amekwisha kufanya nini? Aliyewahi kuhudumu katika kamati ya afya, maji au kijiji ataelewa haraka anachofundishwa.

2. Atarudi kufanya kazi na nani? Kama kamati ya maafa ya kijiji au mtaa haikutani, msomi atakosa mahali pa kuanzia.

3. Tunamtarajia afanye nini? Huyu si mzamiaji wala mzimamoto. Kazi yake ni kupanga, kuratibu na kushauri. Tusimlaumu baadaye kwa kutokuwa kile ambacho hakusomea.

4. Ajira ipo? Nafasi zipo serikalini, katika halmashauri na mashirika, lakini si nyingi. Mwenye taaluma nyingine pamoja na hii, kama vile uuguzi au uhandisi, ana nafasi nzuri zaidi.

5. Je, fedha hizi zingefundisha watu wangapi kozi fupi? Parokia ambayo haina hata mtu mmoja anayejua huduma ya kwanza huenda ingefaidika zaidi kwa kuanza na mafunzo ya siku chache kwa vijana 20. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo ya aina hiyo. Shahada inaweza kufuata.

Jibu la swali la mablanketi

Tukirudi kwa swali la mfadhili: blanketi linahitajika, na litaendelea kuhitajika. Anayelala nje kwenye baridi hawezi kungoja mwenzake ahitimu. Lakini blanketi humfikia aliyekwisha kuokoka. Msomi wa maafa, akirudi akakuta kamati inayomsikiliza, anaweza kuongeza idadi ya watakaookoka na kupunguza idadi ya watakaohitaji blanketi. Ndiyo maana misaada hiyo miwili isishindanishwe. Kila parokia ipime ina upungufu wa kipi.

Kuna jambo ambalo kila kamati inaweza kulifanya kabla ya masika yajayo, iwe na msomi au haina. Chukueni futi kamba, mpime ukumbi wenu, mgawanye kwa 3.5, kisha mhesabu matundu ya choo na mapipa ya maji. Andikeni majibu na kuyabandika ofisini. Mwiteni mwenyekiti wa kijiji au mtaa ayaone. Mkifanya hivyo mtakuwa mmeanza somo lenyewe, na kijana mtakayemsomesha atakaporudi atakuta kazi ya kuendeleza.