Yatima katika Nyumba ya Tajiri

Warundi humwita yatima impfuvyi. Kwa mujibu wa mila zao, impfuvyi hakosi kwao. Baba akifa wapo baba wakubwa na baba wadogo, yupo shangazi, na wapo wazee wa kilimani walioshuhudia ndoa ya wazazi wake. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake, na ukoo haufi kwa kufa mtu mmoja. Mila hiyo ni njema. Imeokoa watoto wasiohesabika katika nchi ambayo vita vyake vya ndani, vilivyoanza Oktoba 1993, viliua watu wanaokadiriwa kufikia 300,000, na ambayo kabla ya hapo ilikwisha kupatwa na msiba wa mwaka 1972. Kama jamaa wasingalifungua milango yao, watoto wale wangalilala wapi?

Hata hivyo makala haya hayawahusu jamaa wema, ambao ndio wengi. Yanamhusu yatima aliyechukuliwa na jamaa mwenye uwezo, akaletwa Bujumbura katika nyumba yenye lango la chuma na mlinzi, na humo akageuzwa mtumishi. Yameandikwa kwa ajili ya askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yetu hutuweka karibu na uwezekano wa kuwaacha watoto wetu mikononi mwa watu wengine. Pili, mtoto wa namna hiyo anapotoroka, mtu wa kwanza mwenye mamlaka anayekutana naye usiku barabarani mara nyingi huwa ni polisi.

Tuchukue mfano. Kijana huyu si mtu fulani, bali ni wengi waliokusanywa katika sura moja, ndiyo maana hatumpi jina. Ana umri wa miaka 14. Baba yake alikuwa askari, mama yake alitangulia kufariki. Baada ya mazishi ukoo ulikutana, na baba yake mdogo, mfanyabiashara mwenye nyumba Kinindo, akasimama na kusema mbele ya wote: "Huyu ni mwanangu. Nitamsomesha." Watu walishukuru, na bibi kizee mmoja alilia kwa furaha. Siku ya pili kijana alipakiwa ndani ya gari pamoja na mfuko wake mdogo.

Juma la kwanza alikuwa mgeni. Alilala chumba kimoja na binamu zake, akala mezani. Mwezi wa pili boyi wa nyumba aliachishwa kazi, na hakuna aliyesema ni nani atakayeishika kazi yake. Hapakuwa na haja ya kusema. Kijana alianza kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha jiko la makaa, kuosha gari la baba mdogo na kung'arisha viatu vya wenzake. Kitanda chake kilihamishiwa vyumba vya uani. Chakula chake kikawa kile kilichosalia: ugali na maharage, na siku ya bahati vichwa vya ndagala. Binamu zake walikwenda shule ya kulipia kwa basi. Yeye alikwenda shule ya serikali kwa miguu, amevaa sare ya kaki iliyomfika juu ya vifundo, tena siku ambazo kazi ya nyumbani ilimruhusu.

Msomaji atambue kwamba huenda kijana huyu hapigwi hata kidogo. Wengi tunapoyasikia mateso ya mtoto hutafuta alama za fimbo mgongoni, na tusipoziona tunasema hakuna neno. Lakini yapo maneno yanayofanya kazi ya fimbo. "Shukuru una pa kulala." "Hapa si kwa baba yako." Waswahili wana usemi kwamba yatima hadeki. Usemi huo ulitungwa kumwonea huruma. Katika nyumba kama hii umegeuzwa kuwa kanuni ya kumtawala.

Miaka iliyopita michezo ya televisheni kutoka Mexico ilipendwa sana katika Afrika ya Mashariki. Mingi ilisimulia habari za msichana fukara asiye na wazazi aliyeingia katika nyumba ya matajiri na kudharauliwa na wenyewe. Watazamaji walimlilia msichana huyo jioni baada ya jioni. Ningependa kujua ni nyumba ngapi ambamo mwenye nyumba alifuta machozi mbele ya televisheni, kisha akamwita mtoto wa marehemu shemeji yake aje aondoe vyombo.

MALI INAYOMFUATA MTOTO

Kwa nini tajiri amchukue mtoto asiyempenda? Jibu rahisi ni kwamba anapata mtumishi asiyelipwa. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi. Mara nyingi nyuma ya mtoto ipo mali.

Mali ya kwanza ni ardhi. Katika Burundi hakuna sheria iliyoandikwa inayopanga urithi wa ardhi ya ukoo. Mila ndiyo inayotawala, na kwa mila mtoto wa kiume hurithi itongo la baba yake. Kijana wetu basi ni mwenye shamba, ingawa ni dogo, huko kilimani. Akiletwa mjini, shamba linabaki na mwangalizi, na mwangalizi ni baba mdogo yule yule. Mwaka wa kwanza analima kwa niaba ya mtoto. Mwaka wa tano analima tu. Tangu sheria ya ardhi ya Agosti 2011, tarafa zinaweza kutoa hati za ardhi kwa wenye mashamba ya mila. Hatua hiyo ni ya maana sana, kwa kuwa imepunguza ugomvi wa mipaka. Lakini hati huandikwa kwa jina la mtu aliyepo na anayetambuliwa na majirani, na mtoto aliye Bujumbura hayupo. Majirani waliomjua baba yake nao wanazeeka na kufa. Msichana yuko katika hali ngumu zaidi, maana mila humpa matumizi tu, au kipande kidogo cha zawadi, na aghalabu hakuna anayejitokeza kumsemea.

Mali ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja, nayo ni haki za askari aliyefariki. Burundi ilianza kupeleka wanajeshi Somalia mwezi Desemba 2007, chini ya Umoja wa Afrika. Gharama yake ilikuwa nzito. Tarehe 22 Februari 2009 askari 11 wa Burundi waliuawa Mogadishu katika shambulio la kujitoa mhanga. Septemba 17 mwaka huo huo makao makuu ya kikosi yalishambuliwa, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza, naibu kamanda wa kikosi kizima. Yakafuata mapigano ya Dayniile Oktoba 2011, Leego Juni 2015 na El Baraf Mei 2022. Kila jina hapo ni mahali tu kwa mwenye kusoma ramani, lakini kwa baadhi ya nyumba za Burundi ni siku ambayo baba hakurudi.

Kwa askari aliyekufa katika kazi hiyo Umoja wa Afrika ulipanga fidia ya dola 50,000 za Marekani. Kwa familia ya kilimani fedha hizo ni nyingi kuliko mapato ya maisha yote. Nyongeza ya hapo ni pensheni ya warithi, ambayo ndani yake yatima ana fungu lake. Ndipo tunapoona maajabu: mtoto ambaye hakutembelewa na mtu miaka yote baba yake akiwa hai, ghafla anagombewa na nyumba tatu. Kadhalika tunaona mjane anayeambiwa na mashemeji kwamba watoto ni wa ukoo, kwa hiyo na fedha zao ni za ukoo. Huo si ukweli. Mama aliye hai ndiye mwenye mamlaka juu ya watoto wake kwa mujibu wa sheria, na shemeji hawezi kumwondolea mamlaka hayo kwa kikao cha jioni moja.

Mlezi kushika mali ya mtoto si jambo baya lenyewe. Hata ufalme wa Burundi ulipitia mkondo huo. Mwami Mutaga IV alipofariki mwaka 1915, kiti kilimwangukia Mwambutsa, mtoto mdogo wa miaka kama mitatu hivi. Wakubwa wa ukoo, miongoni mwao bibi yake Ririkumutima na mwanamfalme Ntarugera, walitawala kwa jina lake, na mambo hayo ya kutawaliwa kwa niaba yaliendelea hadi mwaka 1929. Kwa muda wote huo wakubwa walishindana vikali wao kwa wao. Lakini kila Mrundi alijua kiti ni cha nani. Yatima wa Kinindo hana ngoma inayopigwa kutangaza kilicho chake.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya watu na familia, iliyotolewa mwaka 1980 na kurekebishwa kwa amri ya tarehe 28 Aprili 1993, inamtambua mlezi wa mtoto aliyefiwa na wazazi, na inamtwisha mambo mawili: nafsi ya mtoto na mali yake. Mali hiyo haigeuki kuwa ya mlezi. Mtoto akitimiza miaka 21 huwa mtu mzima mwenye kudai chake. Mashauri ya familia husikilizwa na mahakama ya makazi, ambayo ndiyo mahakama iliyo karibu zaidi na wananchi. Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, na kifungu cha 20 cha mkataba huo kinampa mtoto aliyekosa familia yake haki ya ulinzi maalumu wa dola. Aidha sheria ya kazi inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 16. Baba mdogo wa Kinindo atajibu kwamba hakumwajiri mtu, kwamba huyu ni mwanawe. Basi na aulizwe ni mwana gani anayelala uani peke yake.

Hapa tunawafikia askari polisi. Kijana wetu alitoroka. Alikutwa karibu na soko usiku, akachukuliwa pamoja na watoto wa mitaani. Asubuhi baba mdogo alifika kwa gari, amevaa vizuri, akitoa shukrani nyingi. Alieleza kwamba kijana ni mkaidi, amekuwa mwizi wa sukari, na kwamba malezi ya siku hizi ni magumu. Askari wa zamu, ambaye naye ni mzazi, alimwelewa. Akampa kijana mawaidha juu ya utii na kumkabidhi. Kila kitu kilifanyika kwa nia njema, na dakika kumi zikatosha.

Zingetumika dakika arobaini, mambo yangaliweza kuwa mengine. Mtoto huulizwa peke yake, si mbele ya mlezi. Huulizwa mambo madogo yasiyomtisha: analala wapi, aliamka saa ngapi jana, mara ya mwisho alikwenda shule siku gani, nani hula naye. Mikono yake hutazamwa, kwa kuwa mikono ya mtoto anayefua nguo za watu wanane kila juma haifanani na ya mwanafunzi. Polisi ya Burundi ina kikosi kinachoshughulikia ulinzi wa watoto, na askari wa kituo cha kawaida hapungukiwi heshima kwa kupeleka jambo huko. Mlezi mwema hatachukia kuulizwa. Huyo mwingine atataja jina la mkubwa fulani anayemfahamu, na hilo nalo ni jibu.

KABLA YA SAFARI

Askari aliye hai anaweza kufanya mengi, na mengi hayo hayagharimu fedha. Ndoa isiyoandikishwa humwacha mjane mikono mitupu. Mwaka 2017 serikali iliwataka watu wote waliokuwa wakiishi pamoja bila ndoa ya sheria wahalalishe hali yao, na wapo waliolichukulia agizo hilo kuwa ni usumbufu. Wajane wanalitazama kwa jicho jingine. Mtoto asiyeandikishwa kuzaliwa kwake hana njia ya kuonyesha kwamba marehemu alikuwa baba yake. Vilevile ni vyema kuandika orodha ya mashamba na mipaka yake, ng'ombe waliowekwa kwa watu, madeni anayodai na anayodaiwa, na jina la mtu anayemtaka awe mlezi. Mtu huyo asichaguliwe kwa ukubwa wa nyumba yake. Waislamu wa Buyenzi wanajua kwamba Mtume alipokuwa yatima alilelewa na ami yake Abu Talib, mtu wa hali ya chini aliyekuwa na watoto wengi wa kulisha.

Na ukiwa wewe ndiye uliyebaki hai, ipo siku moja ambayo usiikose. Warundi baada ya msiba huondoa matanga kwa awamu, na ile ya mwisho huitwa kuganduka. Siku hiyo ukoo na majirani hukusanyika, madeni hutajwa hadharani, na mambo ya watoto huzungumzwa mbele ya watu wote. Aghalabu wenzetu wa kikosi huhudhuria mazishi kwa wingi, kwa sare na heshima zote, lakini siku ya kuganduka hawaonekani, kwa kuwa imepita miezi mingi na kazi ni nyingi. Wakienda wawili tu, inatosha. Mmoja wao ainuke kwa adabu, awaamkie wazee, aulize ni nani atakayemlea mtoto wa marehemu, atasoma shule gani, na shamba lake litaandikwa kwa jina la nani. Ayaandike majibu katika daftari mbele ya macho ya watu, asome kwa sauti aliyoyaandika, na kabla ya kuondoka awaage wazee kwa kuwaambia kwamba mwezi wa Septemba, shule zitakapofunguliwa, atapita kumsalimu mtoto.